Tundu Chini ya Tumbo

Mjukuu wangu ameingia na udongo mbichi viganjani, na harufu yake imenirudisha kwenye chumba cha nyuma, mtaani kwetu Mahabibo. Nilikuwa nimevunja ungo, kwa hiyo niliwekwa ndani kama wasichana wote wa nyumba yetu, dirisha likazibwa kwa gunia. Kazi yangu ikawa kufinyanga ng'ombe wadogo wenye nundu, na mama akiwauza barazani kwa wake wa Wafaransa.

Siku moja, nikiwa nyuma ya pazia, nilimsikia mmoja wao akiuliza ni nani aliyewafinyanga, maana alitaka kumwona.

"Ni mimi," mama akamjibu.

Mama alipoingia alinikuta nimeinamia ng'ombe mwingine. "Kawapenda wale waliogeuza shingo," alisema. "Ongeza. Na tundu chini ya tumbo usilisahau, mwanangu. Hewa ya ndani ikikosa pa kutokea, atapasuka motoni."

Nikachukua mwiba, nikamtoboa ng'ombe taratibu. Mama akarudi barazani. Mwiba ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikaenda dirishani, nikalitoboa gunia, tundu la kutosha jicho moja.