Njia ya Mama ya Kutoa

Ndugu yangu mdogo hajawahi kusimama paredi kwenye baridi. Ana miaka minane, anasomea kwenye meza yetu ya kulia hapa Voi, na mwalimu wake ni Mama. Kengele yake ni Mama akisema, "Haya, maliza chai." Sare yake ni kaptura na fulana yenye shimo kwapani. Mimi niko kidato cha tatu, shule ya bweni kule milimani, ambako maji ya kuoga asubuhi yanakupiga makofi. Likizo hii nilirudi nyumbani nikakuta mfalme.

Kifua chake kilikuwa kinabana kila vumbi likitimka, na Voi haiishi vumbi, kwa hivyo Mama akaacha kazi ya ofisi ili akae naye. Naelewa kabisa. Lakini wivu hauulizi kama umeelewa. Nilipokuwa na umri wake, Mama alikuwa anaingia nyumbani nikiwa nishalala, na homuweki yangu ilisahihishwa na msichana wa kazi, ambaye aliweka tiki kila mahali, hata kwenye tarehe.

Jumatano Mama alienda sokoni, akaniachia mfalme.

"Mfundishe kutoa," alisema. "Na usimchekeshe."

Nikafungua daftari lake, nikaandika 503 juu, 267 chini, nikapiga mstari.

"Tatu toa saba haiwezekani," nikaanza. "Sasa tatu anaenda kukopa kwa jirani. Jirani ni sifuri, hana hata chumvi. Wanaongozana wote wawili mpaka kwa tano, tajiri wa ploti..."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaninyang'anya penseli.

"Mama hafanyi hivyo, Dada. Ukimpa wa juu kumi, na wa chini unampa kumi." Akaweka moja ndogo kando ya tatu, na nyingine kando ya sita. "Hii hapa kwa sita ni moja, lakini iko kwa makumi, so ni kumi. Wote wamepata. Ndio wasioneane wivu."

"Nani amesema hivyo?"

"Mama. Yeye alifunzwa na Babu."

Akamaliza: 236. Nami nikajaribu yangu pembeni, kukatakata na kufuta, nikapata 236.

"Alikufunza lini?"

"Tukichambua maharagwe. Nilikuwa nimemkalia mapajani."

Amemkalia! Miaka yote mimi nimekuwa nikizungusha sifuri kuomba kwa majirani, na kumbe nyumbani kuna njia yetu, imetoka kwa Babu, ikaniruka mimi ikaenda kwa huyu wa fulana yenye shimo. Nilitamani kumfinya. Nilimfinya kidogo.

Mama aliporudi, hata hakuwa ameweka mfuko chini. Nikamsukumia lile daftari.

"Mama, kutoa kumenishinda."

"Wewe? Kidato cha tatu?"

"Anadanganya!" mfalme akapiga kelele. "Amepata 236! Na amenifinya!"

Mama aliniangalia. Akaweka mfuko wa omena sakafuni.

"Wewe, toka hapo," akamwambia ndugu yangu. "Nenda ukaanue nguo."

"Lakini hicho ni kiti changu!"

"Nimesema toka."

Akakaa, bega lake likagusa langu, ananuka omena na jua la barabarani. Akaandika 7002, chini yake 4358. Nikaanza kwa njia yake, kwa madaha, na nikakosea. Safari hii sikuwa naigiza.

"Umempa wa juu peke yake," Mama akasema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Na huyu wa chini?"

"Nimemsahau."

"Hata mimi husahau," akasema.

"Mimi hiyo nilipata mara ya kwanza!" mfalme akaita kutoka dirishani, shuka kichwani.

"Nyamaza, wewe uko mapumziko," nikamjibu. Nikafuta, nikarudia, ikakubali. "Mama, andika ingine."

Paka alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye mfuko wa omena. Mama alimwona. Akaandika ingine, ndefu kuliko ya kwanza.