Mzee Aliyejifunza Upya Kuitikia

Habari ya kifo chake ilinifikia nikiwa Miritini, kwenye stesheni ya reli, nimekwenda kumpokea shemeji yangu atokaye Nairobi. Ulikuwa ujumbe mfupi katika kundi la simu la mtaa wetu wa Magogoni: mzee wetu ametangulia mbele ya haki, atasaliwa alasiri, mazishi baada ya sala. Nikatazama saa. Nikampigia shemeji kumwambia ajitafutie usafiri, nami nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Lakini Changamwe ni Changamwe. Malori yalikuwa yamefungana hata pikipiki haina pa kupenya, na nilipofika kwetu watu walikuwa wakirudi kutoka makaburini, wengine wakikung'uta mchanga kwenye kanzu. Nikaenda peke yangu. Kaburi lilikuwa bado bichi, wamelimwagia maji, na hapakuwa na mtu mwingine. Nikaomba dua, nikamaliza, kisha nikabaki nimesimama sijui nifanye nini. Sijapata kujiona mpweke namna ile, tena mchana kweupe, umbali mdogo tu kutoka nyumbani kwangu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mwajua kwamba safu hii haitaji watu majina, wala leo sitaanza. Inatosha kusema kwamba alikuwa bawabu katika bohari moja ya mafuta huko Changamwe mpaka alipostaafu, na kwamba nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa mtu wa salamu. Wallahi sijaona mfano wake. Ukikutana naye na haraka zako, umekwisha: atakuuliza hali yako, ya mama watoto, ya watoto mmoja mmoja, ya mama yako mzazi na goti lake, ya jirani mliyegombana naye mwezi uliopita, na kila swali alilisubiri jibu lake, amekukazia macho. Nakiri kuna siku nilizunguka nyuma ya msikiti ili nisipite mbele yake. Madereva wa bara ndio waliokuwa wakimcheka zaidi pale langoni. Kijana atatoa kichwa dirishani, "Niaje mzee, fungua," naye hafungui mpaka wasalimiane kama watu. Siku moja dereva aliyezoea kumwitikia kwa kishindo alimjibu "salama" moja nyembamba, mzee akakataa kulifungua lango. Malori yakapanga foleni, honi zikalia, msimamizi akaja juu kutaka kujua kuna nini. Mzee akasema huyu hayuko sawa, haendeshi mafuta leo. Ikabainika kwamba mtu yule alikuwa amepigiwa simu asubuhi ile kuambiwa mkewe amefariki kwenye uzazi, na hakumwambia yeyote kwa kuogopa kukosa safari. Mzee alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe mpaka wakapatikana wenzake wa kumpeleka kwao. Aliponisimulia hakujisifu, alisema tu kwamba jibu la salamu likikaa vibaya, mtu mwenye masikio hulisikia.

Baada ya kustaafu, kiharusi kikampiga akiwa anatawadha. Kilimchukua mkono wa kulia, kikauacha mguu ukiburuzika, na kikamchukua maneno yote. Akili ilikuwa timamu, masikio yanasikia, lakini akifungua kinywa haitoki ila sauti moja ndefu. Wiki za mwanzo nyumba ilijaa wageni na mabakuli ya uji. Kisha tukafanya kosa ambalo nadhani lingefanywa na watu wenye adabu tu. Pale barazani kwetu mwenzetu mmoja alikumbusha kwamba kuitikia salamu ni wajibu, na ukimsalimu mtu asiyeweza kusema unamtwika wajibu asioweza kuutimiza, unamwaibisha bure. Tukaona ni kweli. Hakuna aliyepitisha azimio, lakini tangu hapo kila apitaye mbele ya kibaraza chake aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akaenda zake. Watoto nao wakakatazwa kumwamkia. Mimi nilikuwa mstari wa mbele katika hilo la mkono kifuani na, Mungu anisamehe, nilijiona muungwana.

Yaliyokuwa yakiendelea ndani ya nyumba ile niliyajua baadaye kwa bintiye, mwalimu wa chekechea, ambaye ndiye aliyekaa naye baada ya mama yake kufariki. Mtaalamu wa hospitali aliyekuwa akimfundisha kusema upya alitaka wachague maneno machache anayoyahitaji zaidi, wayakazanie hayo. Binti akaandika kwenye karatasi: maji, choo, dawa, njaa. Mzee akayasukuma mbali. Akawa anaunyosha mkono wa kushoto kama anayepokea mkono wa mgeni, ananyosha tena, mpaka binti akafahamu kwamba baba anataka kuitikia. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimpa shikamoo mara ishirini, na mzee akaipigania marahaba mara ishirini. Binti akiondoka, mzee hutoka kibarazani na kuendelea peke yake, amegeukia ukuta, jasho likimtoka. Sisi tulikuwa tukimwona. Tulidhani anavuta uradi, tukazidi kuogopa kumkatiza.

Ilimchukua karibu mwaka, na akaipata. Siku alipoipata sawasawa alitoka mapema, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya viua yenye tarizi, akakaa kibarazani akangoja. Watu wakapita, mkono kifuani. Wauza samaki wakapita, wanafunzi wakapita, imamu akapita, wote kwa heshima kubwa. Nami bila shaka nilipita, ingawa siikumbuki siku yenyewe, na hilo la kutoikumbuka ndilo linaloniuma. Binti aliporudi adhuhuri alimkuta pale pale, kofia ameivua ameiweka mapajani.

Yeye hakuwa mtu wa kukata tamaa. Baada ya siku chache alinikuta mimi mbele ya duka, nimebeba mkate na sukari. Nikaweka mkono kifuani kama kawaida yangu nikataka kupita. Akainua bakora akanizuia. Nilifikiri ameudhika na jambo, nikatazama huku na huku kutafuta mtu wa kunisaidia kumwelewa. Akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

"Mumenizika," akasema.

Neno moja, ambalo hakufundishwa na mtu, na lilitoka wazi. Nikauweka mkate na sukari chini. Kisha nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hapo ndipo nilipoiona kazi aliyokuwa akiifanya. Mishipa ya shingo ilimsimama, midomo ikatafuta mahali pa kuanzia, mwenye duka akaacha kupima mchele akawa anatutazama. Sijui ilichukua muda gani. Ikatoka: "Marahaba." Akapumua, akaniangalia, kisha kwa kidole cha kushoto akagusa goti lake mwenyewe na kuinua nyusi. Alikuwa anamuuliza mama yangu. Nilimjibu nikilia, sioni haya kulisema.

Siku hizi tunaambiwa sana tuwe imara. Ukipoteza kazi, jikaze. Ukifiwa, jikaze. Ukiugua, jikaze, wengine wana makubwa kuliko yako. Nimelisema neno hilo mara nyingi, na nikijichunguza naona kwamba karibu kila mara nililisema nikiwa tayari nimeshika kitasa cha mlango. Tunalitumia kuagana na mtu, yeye abaki na lake. Mzee yule alijikaza kuliko mtu yeyote ninayemjua, wala hakutuhitaji tumfundishe namna. Tatizo ni kwamba alichokuwa akikijenga kilikuwa na pande mbili, na upande wa pili ulikuwa wetu. Angeweza kujifunza maji akajinywea. Marahaba haitumiki mpaka mwingine aseme shikamoo. Na mtaa wetu nao umebadilika. Nyumba mpya zina kuta ndefu, watu wanapita juu ya pikipiki, salamu imekuwa honi. Sisi wakongwe tuliobaki ndio tuliokuwa na hodari wa salamu mlangoni, tukamfungia mlango kwa adabu zetu.

Niliwaeleza wenzangu barazani. Baadhi walijirekebisha, baadhi walisema namtesa mgonjwa. Mimi mwenyewe kwa wiki kadhaa nilishika zamu kama mtu aliyeajiriwa: kila asubuhi shikamoo, nasimama, nangoja, napewa yangu, naenda. Kisha shughuli zikaniingilia. Nikaanza kumwamkia nikiwa natembea, nikigeuka nyuma kuipokea. Siku tatu kabla hajafa nilikuwa tayari juu ya pikipiki, nimechelewa miadi ya daktari wa meno. Nikampigia kelele, "Shikamoo, mzee!" Nikamwona anakiinua kidevu, midomo inaanza kutafuta. Kijana wa pikipiki akatia gia. Nikajiambia nitaipokea nikirudi, na niliporudi alikuwa ameshaingia ndani. Kesho yake sikupita, wala kesho kutwa.

Jioni ile ya mazishi nilikwenda kumpa pole bintiye. Alinishukuru, akaniuliza kama nimekula. Nadhani hakukusudia kunihukumu. Alikuwa ananipa tu kitu alichoniwekea.

"Ami," akasema, "siku ile ulipopita na pikipiki, baba alikuitikia. Ilitoka nzuri sana, kuliko zote. Ila wewe ulikuwa ushafika barabarani."

Nimeandika safu hii miaka mingi, nimewapa mawaidha mengi, na mengi nimeyasahau kama mlivyoyasahau. Hili moja nawaomba mlishike. Ukimsalimu mtu, simama mpaka akujibu.