Nilisema nimewasikia watu wa Pwani, sasa baba hataki kupokea wageni wa mahari

Admin, jina langu usiweke, na wewe ukisoma uone unanijua, nyamaza tu. Mimi ni msichana wa miaka thelathini na moja. Kwetu ni upande wa Gachoka lakini nafanya kazi ya saluni hapa Embu mjini. Nina mchumba wa Githongo, mtu mpole, na wazee wao walikuwa tayari kuja nyumbani kuleta mahari. Walikuwa, nasema. Mdomo wangu umeharibu kila kitu.

Kwetu ni muguka, yale majani watu wanatafuna kama miraa. Hakuna kitu pale nyumbani haikutoka kwa muguka, kuanzia mabati mpaka karo yangu. Nilikuwa nachuma asubuhi kabla niende shule. Sasa mnajua vile watu wa Pwani wanalia kwamba inawaharibia watoto na wanataka ipigwe marufuku. Maneno hayo yakitajwa kwetu, hata chai hainyweki.

Kwa ploti ninakoishi kuna mama wa Mombasa anauza mahamri hapo getini. Jioni moja alinionyesha picha ya kijana wake kwa simu, kijana mzuri, mashavu yamejaa. Kisha akanionyesha ya juzi. Aliniambia kijana halali, kazi ameacha, ameuza mpaka sufuria za nyanya yake, yeye ni muguka tu kutwa. Nikamrudishia simu yake. Na mimi nimelelewa na hiyo hiyo muguka.

Jumapili iliyofuata tukaketi kwa baba kupanga siku ya wageni. Baba zangu wadogo wakaanza kuwasema watu wa Pwani, ati ni wavivu, wamekosa kulea watoto wanatafuta wa kulaumu. Mimi nikashindwa kunyamaza. Nikaeleza habari ya yule mama. Nikasema kwa Kimbeere, lugha yetu ya nyumbani, polepole kabisa, kwamba mimi sitaki muguka ikatwe, lakini hao watu nimewasikia. Jamani, nimewasikia tu! Nilisahau kwamba kwetu ukisema umemsikia mtu, umeshakubali maneno yake. Nimekaa mjini sana, siku hizi nafikiria kwa Kiswahili.

Baba akaweka kikombe chini. Akasema, "Kama umewasikia, basi enda wao wakupokelee mahari."

Nilijaribu kueleza, nikazidi kuharibu. Mmoja wa baba zangu wadogo akauliza nimelipwa na nani. Mama hata hakuniangalia. Baba akatoa sharti lake: nisimame mbele yake na baba zangu wadogo niseme watu wa Pwani ni waongo, na yule mama wa mahamri ni mwongo, ndipo atafungulia wageni mlango. La sivyo wasikanyage kwake. Na bila baba, wazee wa Githongo watakuja kuongea na nani? Mimi si mbuzi aliyeokotwa barabarani.

Nilirudi mjini nikamweleza yule mama, nikidhani angalau yeye atanihurumia. Nikamwambia pia baba yangu si mtu mbaya, kwetu ni kukavu, kahawa haikubali, akikata ile miti tutakula nini. Alinitazama, akasema kwa upole, "Kumbe nawe wawatetea, mwanangu." Tangu hapo ananiuzia mahamri kama mtu asiyenijua. Huko nimekuwa msaliti na huku nimekuwa muuaji, na mimi nilitaka tu kila mtu ajue mwenzake analia nini.

Aliyenimaliza ni mchumba wangu. Aliniambia si niseme tu, ni maneno, wazee wenu wafurahi tuendelee. Nikamwambia naweza kupiga magoti nimwombe baba msamaha, tena kwa roho safi, lakini siwezi kumwita mama anayelilia mtoto mwongo. Halafu akauliza, "Na mimi siku moja nikikosana na mtu, utaenda umsikie pia yeye?" Nikasema ndiyo. Hajanipigia simu tena, na mimi nimechoka kungoja.

Najua hata hapa kwa komenti mtagawanyika, na pande zote mtanitusi. Nitusini, lakini mnijibu. Mama amenipigia kwa siri akasema baba atangoja mpaka mwezi uishe, baada ya hapo nisimtaje tena kama baba yangu. Nimpende baba namna gani na huku ananitaka niseme uongo? Nishaurini, nifanye nini? Nijibuni haraka, maana nimeanza kujifunza kuisema peke yangu nikiosha vyombo, watu wa Pwani ni waongo, yule mama ni mwongo, na jana ilitoka yote bila kukwama.