Shavu la Dorkas

Mwaka ule Malkia alipovikwa taji, mvua ilikawia Manyoni, na Yeremia akaanza kusahau uso wa mkewe.

Dorkas alikufa wakati wa mavuno. Walikuwa wameishi pamoja tangu Mjerumani alipoondoka. Mwanzoni Yeremia akifumba macho alimwona. Sasa aliona kilemba chake tu, na mikono inayosonga ugali. Uso hauji.

Picha ilikuwepo moja, ya kina mama mlangoni pa kanisa. Dorkas alikuwa na makovu ya ndui, hakupenda kutazamwa. Mpiga picha alipofyatua, aligeuza shingo. Wenzake wametoka wazima. Yeye katoka shingo, na moshi pale pa uso.

Kazi ya Yeremia ilikuwa kuwasha taa za stesheni ya reli. Mkuu wa stesheni, Mgoa aitwaye Kaitano, alikuwa na darubini ndefu kama bomba la maji. Jioni, mwezi ukiwa nusu, aliisimamisha nyuma ya tangi la maji, akafunga kamera pale pa kuwekea jicho. Yeremia alishika blanketi kukinga upepo.

"Mzee Yeremia, usitikisike."

"Mimi? Mwambie upepo, Bwana."

"Mwezi nao unatembea. Nisipoufuata polepole, unatoka moshi."

Neno lile lilimwingia Yeremia. Kama huyu anaukamata mwezi unaotembea, atashindwaje na mwanamke aliyegeuza shingo?

Kesho yake Rahabu, mdogo wa Dorkas, alimletea uji.

"Shikamoo, shemeji. Bado mnaupiga mwezi?"

"Marahaba. Tunapiga picha."

"Kupiga ni kupiga! Ng'ombe ukimpiga anazuia maziwa. Mwezi mmeupiga, umezuia mvua. Kisimani wanasema mshika blanketi afukuzwe."

"Wangoje nimalize."

"Umalize nini?"

Yeremia alikunywa uji, akaingia ndani kutafuta ile picha ya kanisani.

Kaitano alipokwisha kuisafisha picha ya mwezi, alimwita Yeremia ofisini. Mwezi ulikuwa umejaa vishimo, kila kimoja na kivuli chake. Yeremia alishika mdomo.

"Kumbe una ndui!"

Kaitano alicheka. "Ni mashimo, mzee. Jua likipiga kutoka ubavuni, hata dogo linaonekana."

Yeremia alifungua kitambaa, akaweka picha ya kanisani mezani. "Na huyu, Bwana. Mfuate huyu polepole, kama mwezi."

Kaitano aliacha kucheka. Alichukua kioo cha kukuzia, akainama. Aliinama muda mrefu, mpaka Yeremia akaanza kutumaini.

"Mzee, mwezi upo pale juu, ndiyo maana naufuata. Mama huyu aligeuka siku ile ile. Uso haukuingia. Hakuna cha kukuza."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Pole, mzee wangu."

Alimpa ile ya mwezi aende nayo. "Ila juu imekuwa chini," alimwambia. "Darubini hupindua."

Nyumbani Yeremia aliketi mlangoni, picha magotini. Rahabu alikuja kuchukua kibuyu chake cha uji. Alikuja na maneno ya kisimani mdomoni, ukimtazama unayaona. Akaiona picha, maneno yakakwama.

"Shemeji. Hii ngozi ni ya dada."

"Ni mwezi."

"Najua ni mwezi. Lakini tazama." Alichuchumaa. Kidole chake kiligusa shimo kubwa kuliko yote, karibu na giza. "Lile kovu lake kubwa. Lile alilokuwa akifunika kwa khanga."

"Lilikuwa shavu lipi?" Yeremia aliuliza.

"Kulia."

"Una hakika?"

Rahabu alipandisha mkono kwenye shavu lake mwenyewe, la kulia, kisha la kushoto, kama mtu anayemfunga mwenzake khanga wakiwa uso kwa uso.

"Nilikuwa namtazama hivi," alisema. "Basi kwake... Ngoja. Ngoja kidogo, shemeji."

Kisha Yeremia alikumbuka maneno ya Kaitano, akaigeuza picha juu chini. Shimo likahama upande wa pili.

Rahabu alianza kulia. Yeremia hakulia. Aliirudisha picha ilivyokuwa, akaitazama, akaigeuza tena.