Spika wa Cherehani
Huyu fundi cherehani ndiye Spika wa bunge la kuigiza la mtandaoni. Simu huiegemeza kwenye kopo la vifungo, na kabla ya kutamka uamuzi wowote hukata uzi kwa meno. Leo hoja ilikuwa ya kumkaripia yeye mwenyewe: jana alifunga kura dakika tano kabla ya wakati, kisa mteja alikuwa mlangoni anadai suruali yake. Na Spika aliyekaripiwa hagombei tena. Kumi wakaafiki, kumi wakakataa. Ikabaki kura yake.

"Jiokoe, dada. Si mchezo tu?" mdogo wake akamnong'oneza.

"Mchezo ndiyo, mdogo wangu, ila dakika nilizowapunja ni za kweli."

Akakata uzi, akabonyeza.

"Spika amekaripiwa. Tuendelee, hoja inayofuata."