Marehemu Aliyekaanga Mayai

Tuseme ukweli: Bwana Mita hakuwa mtu wa kujiamini. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, na hata mita yenyewe aliiangalia mara mbili ndipo aandike. Sasa mtu wa namna hiyo mpe riwaya aitunge. Alihangaika nayo miaka, sura inakwenda, sura inarudi, hadi mkewe akawa anawaambia wageni kwamba yeye ana mke mwenza wa karatasi.

Kilichomshikilia asiiache ni kundi lao la uandishi la Jumamosi. Walikuwa wanne: yeye, Mwalimu aliyewapa darasa lake, Muuguzi mstaafu aliyetunga hadithi za mapenzi, na Fundi, mchomeleaji wa mageti na madirisha. Walikaa kwenye viti vya watoto wadogo, magoti yamekaribia kidevu, kila mmoja akieleza alivyoiona kazi ya mwenzake aliyopewa wiki iliyotangulia. Na kila kazi ilikuwa nzuri. Haikuwahi kuletwa kazi mbaya katika darasa lile, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi.

Ukamwingia Bwana Mita. Riwaya ilikuwa inakaribia mwisho na alitaka kuipeleka kwa mchapishaji, lakini kila akiishika anajiuliza: hawa wananisifu kwa kuwa naandika vizuri, au kwa kuwa tumezoeana? Akaamua kuwapima. Katika sura ya tatu mama wa mhusika mkuu alikuwa amekufa, akazikwa, watu wakalia. Bwana Mita akaandika sura ya tisa ambamo mama yuleyule anaamka asubuhi, anakaanga mayai na kumgombeza mwanawe kwa kuchelewa kazini. Akawagawia, akangoja.

Jumamosi ilipofika, Mwalimu alisema sura ile ina uzito. Muuguzi alisema huyo mama amemkumbusha mama yake mwenyewe, chozi limemtoka. Fundi akasema hapo Bwana Mita amejipita.

Alirudi nyumbani amevimba. Kumbe miaka yote hiyo anavishwa kilemba cha ukoka! Akamwambia mkewe kwamba hana riwaya wala hana marafiki, na kwamba hajui kuandika chochote zaidi ya tarakimu za maji. Mimi simcheki. Ukigundua kwamba sifa moja ilikuwa ya bure, hujui tena ipi kati ya zote ilikuwa ya kweli, na hata zile kurasa alizozipenda mwenyewe zilianza kumchukiza.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo.

"Na Fundi anayeuza mashine yake?" akauliza. "Wewe ulimwambiaje?"

Fundi alikuwa anaiuza mashine yake ya kuchomelea, iliyokuwa ikilisha nyumba nzima, ili ajichapishie riwaya yake. Na aliyemwambia kwamba kitabu kiko tayari, tena kwa kupiga meza, alikuwa Bwana Mita. Nyani haoni kundule.

Asubuhi yake alikwenda karakana mbio mbio. Alimkuta Fundi anaifuta mashine vumbi, maana mnunuzi alikuwa njiani. Bwana Mita akamwambia asiuze kwanza, kitabu hakijaiva.

Fundi hakukasirika, na hilo lilimtisha mwenzake kuliko matusi. Aliweka kitambaa chini, akaingia ndani, akatoka na mswada wake mzito kama tofali, akamtia mikononi.

"Sawa, kaka. Nionyeshe wapi hapajashika, nipachomelee upya."

Bwana Mita akafungua katikati. Akakuta watu asiowajua. Akafunua mbele zaidi, akakuta harusi, na hakujua nani anamwoa nani. Alikuwa amesoma kurasa chache za mwanzo na ule wa mwisho, basi, kwa sababu siku zile alikuwa na sura yake mwenyewe ya kurekebisha.

"Hukusoma," Fundi akasema.

"Sikusoma."

"Sasa kwa nini ulisema ni kizuri?"

Aibu ilimpanda hadi masikioni. "Nilitaka na wewe useme changu ni kizuri."

Fundi aligeuza debe tupu la rangi, akamwonyesha akae, asome. Akasoma, kidole kikifuata mstari. Hapa sentensi imepinda. Hapa imenyooka, akairudia mara mbili. Kila alipodhani amepata la kusema, ukurasa uliofuata ulimpinga, na hofu ikamjaa, hajui kama ni kitabu kinachoyumba au ni yeye asiyekitambua kitu kizuri akikiona. Gari la mnunuzi likafika. Wapagazi wawili wakaishika mashine huku na huku. Fundi akawaomba wangoje kidogo, akaja kusimama mbele ya debe.

"Umefika wapi?"

"Hata nusu bado."

"Basi niambie. Waichukue au waiache?"

Bwana Mita akainua uso. Maneno yote matamu aliyowahi kuyasema darasani yalikuwa papo hapo ulimini, tayari, na safari hii aliyaacha huko huko.

"Sijui, ndugu yangu," akasema. "Bado sijui."