Sehemu ya Pili Haikupigwa

Nilikuwa na miaka minne tangu nirudi Dar kutoka ng'ambo, nilikosomea utunzi wa muziki na ala za kugonga, na hakuna aliyewahi kuniomba niandike chochote. Nilikuwa naitwa kupiga ngoma wageni wakiingia ukumbini. Kwa hiyo taasisi moja iliponiomba kipande kipya kwa sherehe yake ya alasiri, niliandika miezi mitatu chumbani kwangu Mchafukoge, madirisha nimeyafunga kwa sababu ya spika za wauza nguo huko chini, jasho likidondokea noti za muziki.

Kilikuwa cha watu watatu: dada mmoja wa Upanga anayefundisha piano na kupiga selo, mpiga fidla wa kanisani, na mimi kwenye marimba na mabati. Mabati nilikatiwa na fundi wa masanduku wa mtaa wa Gerezani. Kila nikigonga namwambia, "Bado, punguza kidogo."

"Kaka, unatengeneza nini hasa?" akaniuliza.

"Sauti."

Akanitazama, akachukua mkasi, akakata tena.

Katikati ya kipande niliweka kimya. Selo inafifia, kisha sote tunakaa bila kupiga, mikono juu, tukihesabu hadi ishirini. Halafu bati dogo linaanzisha sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kipande chenyewe. Siku ya sherehe nilimfuata mshereheshaji mapema.

"Katikati tutanyamaza. Usipande jukwaani, tutakuwa hatujamaliza."

"Usijali, kaka. Nimekupata."

Tulipiga vizuri kuliko mazoezini. Selo ikafifia, nikaanza kuhesabu. Nilikuwa nimefika tisa niliposikia kipaza sauti kikikwaruza.

"Makofi kwao jamani, makofi. Wametuburudisha kweli kweli."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi bado mikono iko juu. Nikasema, "Bado," lakini sikuwa na kipaza sauti. Mshereheshaji akaniinamia, kiganja kikifunika kipaza sauti chake.

"Mgeni rasmi ana haraka. Mmefanya poa sana."

Tukatoa vyombo kwa mlango wa nyuma, tukiwapisha wapishi na mabeseni yao ya pilau. Kwenye gari, dada wa selo akalaza selo yake kiti cha nyuma.

"Nilikuwa nimefika kumi na moja," akasema.

"Mimi tisa."

Tukatazamana. Hata wenyewe tulikuwa hatuhesabu pamoja, na hilo liliniuma karibu sawa na lile la makofi.

Wiki iliyofuata mratibu wa taasisi alinipigia. Wakubwa wake wamekipenda, akasema, hasa kwa vile kilikuwa kifupi. Wana shughuli nyingine. Akaomba tupige kilekile, kisizidi pale kilipoishia. Nilimwambia nitafikiria. Nilishinda siku nzima nimemkasirikia, nikizunguka Kariakoo bila kununua kitu. Kesho yake nikampigia nikakubali, nikajikasirikia mwenyewe.

Tumekipiga mara nne sasa. Selo ikififia, tunasimama na kuinama. Mpiga fidla wetu amehamia Arusha, na aliyechukua nafasi yake nilimpa kurasa za sehemu ya kwanza tu. Hajaniuliza kama kuna nyingine.